Meza ya fundi mbao isiyocheza: jinsi ya kuitengeneza Goma kwa mbao za kawaida

Kwa miaka mitatu nilipiga randa uani kwetu Ndosho, hapa Goma, mbao imelala juu ya matairi mawili ya gari. Mbao ikikimbia mbele naikanyaga kwa mguu. Mguu ukichoka, namwita kijana akae juu yake. Kisha nikatengeneza meza yangu ya kwanza. Ilipendeza kwa macho, lakini ilicheza. Kila nikisukuma randa, nusu ya nguvu yangu iliishia katika meza na nusu tu ikafika kwenye mbao. Jioni mabega yaliuma kama ya mtu aliyesukuma chukudu (kigari cha mbao cha kusukuma) yenye mzigo kutoka Sake.

Meza ninayoeleza hapa ni ya pili, na bado naitumia. Wengi wetu tunaiita etabli. Haihitaji mbao ya bei kubwa, wala mashine, wala umeme. Inahitaji mambo mawili: isicheze, na iwe nzito. Kutocheza kunaletwa na mbao mbili pana zinazofungwa ubavuni mwa miguu. Uzito tutauchukua bure kwenye mawe ya volkano.

Mbao za kununua

Muvula na libuyu, mbao za bei kubwa, waachie wateja wanaotaka milango. Kwa meza hii mkaratusi unatosha kabisa kwa miguu na uso, na grevilea inatosha kwa sehemu nyingine. Mkaratusi ni mgumu, ni mzito, na unapatikana. Tabia yake mbaya ni kwamba ukiwa mbichi unajikunja na kupasuka, na ukikauka unakataa msumari. Yote mawili yana dawa, nitayafikia.

Utahitaji:

- Madriye (mbao nene) 2 za sentimita 5 kwa 15, urefu wa mita 4.
- Mbao 3 za unene wa sentimita 2.5 na urefu wa mita 4. Mbili ziwe na upana wa 25, moja inaweza kuwa na 20.
- Bulo (bolti) 8 za unene wa milimita 10 na urefu wa sentimita 10, kila moja na nati yake na washa mbili (pete bapa za chuma).
- Misumari ya sentimita 8, ya 10 na ya 12, nusu kilo kwa kila aina.

Mbao zetu nyingi zinapasuliwa msituni kwa msumeno wa mnyororo, kwa hiyo usiamini kipimo cha mdomo. Chukua mita yako, pima vichwa vyote viwili. Nimeshanunua madriye "ya tano" iliyokuwa na 5 upande mmoja na 3.5 upande wa pili. Halafu inua kichwa kimoja, funga jicho, uangalie kando ya mbao kama unayelenga. Iliyopinda kama upinde unaweza kuichukua, maana vipande vya miguu ni vifupi na upinde unapotea ukiikata. Iliyojisokota, ambapo kichwa kimoja kinaangalia kushoto na kingine kulia, iache hapo hapo hata ukipunguziwa bei. Hiyo hainyooki.

Njia zikifungwa, mbao hupanda bei ndani ya juma moja. Nunua wakati barabara zinapitika, uzikaushe nyumbani.

Kuzikausha

Hatua hii watu wengi wanairuka, kisha wanamlaumu fundi aliyewauzia misumari. Panga mbao chini ya paa, mbali na jua kali, juu ya vijiti vya unene mmoja, kimoja kila sentimita 50. Vijiti vya safu ya juu vikae sawasawa juu ya vile vya chini. Paka vichwa vya mbao rangi yoyote iliyobaki, kwa sababu maji yanatoka haraka zaidi kwenye vichwa na hapo ndipo mipasuko inapoanzia. Weka mawe mazito juu ya rundo lote. Miezi mizuri ni wa sita, wa saba na wa nane, mvua ikiwa imepungua.

Utajuaje kwamba zimekauka? Kata kipande kidogo kutoka katikati ya mbao moja, kiweke pamoja na rundo, na kila juma kipeleke kwa muuza unga akupimie kwenye mizani yake. Andika uzito. Majuma mawili yakipita bila uzito kushuka, mbao zako ziko tayari. Kipimo hiki hakijawahi kunidanganya. Kugonga mbao kwa kidole na kusikiliza, kama tunavyopenda kufanya sokoni, kumenidanganya mara nyingi.

Kimo chako

Simama wima ukiwa umevaa viatu vya kazi, mikono imening'inia. Kunja kiganja kitazame chini, kama unayeegemea kiti. Mtu akupimie kutoka sakafuni hadi kwenye kiganja. Hicho ndicho kimo cha meza yako. Changu ni sentimita 82, na vipimo vyote hapa chini vinafuata 82. Wewe badilisha urefu wa miguu tu. Kwenye meza ndefu mno unapiga randa kwa mikono peke yake. Kwenye meza ya kimo hiki mwili mzima unasaidia. Kama mnaifanyia kazi watu wawili, fuateni aliye mfupi, maana meza fupi inaweza kuinuliwa kwa vipande vya mbao chini ya miguu.

Kukata vipande

Kutoka madriye ya kwanza kata miguu 4 ya sentimita 81. Miguu itakapokamilika itakuwa na 77. Hizo 4 za ziada ni kwa ajili ya sakafu yetu, usizikate sasa. Kitabaki kipande cha kama 75. Kikate kiwe 50, kitakuwa boriti ya katikati.

Madriye ya pili inatoa vipande 2 vya sentimita 180 kwa uso wa meza. Kinabaki kipande cha karibu 40. Kipasue kwa urefu upate vijiti viwili vya karibu 5 kwa 5. Vitunze, bila hivyo uso hauna mahali pazuri pa kushikia.

Ubao wa kwanza wenye upana wa 25 unatoa mbao mbili za ubavu, kila moja 180. Ule wa upana wa 20 unatoa vipande 3 vya 50 na vipande 2 vya 100. Viwili vya 50 ni vya kuunganisha miguu kwa juu. Cha tatu kipasue katikati, upate viwili vyembamba vya kuunganisha miguu kwa chini. Vya 100 ni vya rafu. Ubao wa mwisho ukate 180 kwa nyuma ya uso, na kinachobaki kitafanya kazi ndogo ndogo nyingi.

Fremu mbili za miguu

Laza miguu miwili chini, ikisimama kwa ubavu ili ule upande mwembamba wa sentimita 5 uangalie juu. Upana wa kutoka nje hadi nje uwe 50. Weka kipande cha juu kikiwa sawa na vichwa vya miguu. Kipande cha chini kikae na ukingo wake wa juu sentimita 57 kutoka kwenye kichwa cha mguu. Pigilia misumari ya sentimita 8, mitatu kila pembe kwa juu na miwili kwa chini.

Hapa ndipo mkaratusi unapokataa. Toboa kwanza tundu jembamba kuliko msumari. Ponda ncha ya msumari kidogo kwa nyundo, ili ivunje nyuzi za mbao badala ya kuzitanua, kisha uchovye msumari kwenye sabuni ya kipande. Usiweke misumari miwili kwenye mstari mmoja wa nyuzi.

Kabla ya msumari wa mwisho pima kutoka pembe hadi pembe, njia zote mbili. Vipimo vikiwa sawa, fremu iko mraba. Visipolingana, sukuma pembe iliyo ndefu kwa kiganja hadi vilingane. Sasa pigilia kile kijiti cha 5 kwa 5 upande wa ndani wa kipande cha juu, usawa wa juu, kwa misumari minne inayopita kwenye kipande na kuingia kijitini. Fanya fremu ya pili vilevile. Zikisimama, vipande vya kuunganisha vyote viangaliane kwa ndani.

Mbao za ubavu

Simamisha fremu mbili, mtu akushikie. Ubao wa ubavu unakaa nje ya miguu, ukingo wake wa juu ukiwa sawa na vichwa vya miguu. Uache utokeze sentimita 25 kila upande. Piga msumari mmoja tu kila mguu, bila kuuzamisha. Funga wa pili upande mwingine kwa namna ileile. Pima pembe kwa pembe kutoka juu, kisha kwa ubavu. Rekebisha. Baada ya hapo tu ndipo utoboe matundu mawili kwenye kila mguu, moja juu kushoto na jingine chini kulia, na ukaze bulo pamoja na washa zake. Vichwa vya bulo vya upande wa mbele vizamishe kidogo, visikwaruze kazi yako.

Angalia kilichotokea: mguu wenye upana wa 15 umebanwa kwenye ubao wenye upana wa 25. Huo mshikano mpana ndio unaozuia meza kuyumba kwa urefu wake. Meza yangu ya kwanza ilikuwa na vipande vyembamba vilivyounganishwa na msumari mmoja mmoja, na msumari mmoja unazunguka kama bawaba.

Kama fedha ya bulo haipo, tumia misumari ya sentimita 10, sita kwa kila mguu. Itatokeza kama sentimita 2.5 upande wa ndani. Ipinde kwa nyundo ikatishe nyuzi, mwenzako akishikilia jiwe zito upande wa vichwa. Msumari uliopindwa hivyo hautoki.

Boriti ya katikati ya sentimita 50 iingize kati ya mbao mbili za ubavu, katikati kabisa, juu ikiwa usawa mmoja na vingine. Misumari mitatu kila upande.

Kuisimamisha juu ya lava

Hatua hii haimo katika maelezo ya watu wa mahali pengine, na mimi naitilia mkazo kuliko zote. Tangu lava ya tarehe 17 Januari 2002 ishuke hadi katikati ya mji, wengi wetu tunafanya kazi juu ya jiwe lenyewe. Hata palipotandazwa kokoto, mguu mmoja wa meza huwa hewani. Watu huingiza kijiwe chini yake. Kijiwe kinatoka asubuhi, kinarudishwa mchana, na kila siku meza ina usawa mpya.

Chagua mahali ambapo meza itakaa daima, karibu na mwanga. Peleka fremu bila uso wake. Ingiza kabari chini ya miguu inayohitaji, hadi juu ya fremu pawe sawa pande zote. Kama huna kifaa cha kupimia usawa, tumia mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule wa mafundi wa kujenga: ujaze maji, ondoa mapovu, shika ncha moja kwenye pembe hii na nyingine kwenye pembe ile, maji ya ncha zote mbili yatasimama kwenye kimo kimoja. Pima pembe zote nne, na usifanye haraka.

Sasa pima kutoka sakafuni, pale utakapokuwa unasimama, hadi juu ya fremu. Tuseme umepata 83. Unataka 77, kwa hiyo fremu lazima ishuke sentimita 6. Tafuta kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 6, kilaze kwenye jiwe kando ya mguu, weka penseli juu yake na uzungushe mstari pande zote nne za mguu. Rudia kwa miguu yote kwa kipande hichohicho. Mstari utakuwa umepanda na kushuka kama jiwe lenyewe. Geuza fremu, kata kwa kufuata mstari, iache penseli ionekane. Ukiirudisha mahali pake itakaa kama jino kwenye ufizi. Kama sakafu yako inatofautiana zaidi ya sentimita 4, ongeza urefu wa miguu tangu mwanzo.

Chini ya kila mguu pigilia kipande cha tairi, kama kile kinachovishwa magurudumu ya chukudu. Kinazuia meza kuteleza, na kinazuia kichwa cha mbao kunywa maji ya mvua yanayotiririka juu ya jiwe. Kabla ya kukipigilia, paka kichwa hicho rangi au mafuta machafu ya injini mara mbili.

Rafu na mawe

Laza zile mbao mbili za 100 juu ya vipande vya chini, misumari miwili kila kichwa. Kisha okota mawe. Usichukue yale mepesi yenye matundu kama sifongo. Tafuta meusi yaliyoshikana, yenye matundu machache. Yapange chini, yabanane, yasigongane ukipiga nyundo. Mimi nimeweka ya kujaza mifuko miwili ya saruji. Kama rafu inaanza kulegea katikati, ongeza kijiti cha kuibeba chini. Ukipiga randa baada ya hapo utashangaa jinsi mkono unavyokuwa mwepesi.

Uso

Madriye mbili zinakaa mbele, kwa sababu huko ndiko nyundo na patasi zinapofanya kazi. Nyuma unakaa ule ubao wa 2.5, na kwa kuwa ni mwembamba, unakuwa chini kidogo: hapo zana zinalala bila kuzuia mbao unayoipiga randa. Pigilia kijiti kwenye ukingo wa nyuma ili penseli zisidondoke.

Tazama duara za mti kwenye vichwa vya madriye. Upande uliokuwa karibu na moyo wa mti uangalie juu. Mbao ikiendelea kukauka itavimba kidogo katikati, na kivimbe unakiondoa kwa randa. Ukiigeuza, kingo zake ndizo zitakazoinuka, na kazi yako itacheza juu yake. Usizigundishe. Acha mwanya wa unene wa sarafu kati yake, maana mbao hupanuka kwa upana wakati wa mvua, na zikikosa nafasi zitasukumana.

Toboa, kisha pigilia misumari ya sentimita 12 kwenye boriti ya katikati, na ya 10 kwenye vile vijiti vya 5 kwa 5. Zamisha kila kichwa sentimita 1 nzima kwa msumari mwingine mnene uliokatwa ncha. Randa ikikutana na kichwa cha msumari, utapoteza saa nzima ukinoa.

Kusawazisha: weka vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila mwisho wa uso, inama, uangalie kingo zao za juu. Zikilingana, uso haujajisokota. Zisipolingana, piga randa kimshazari kwenye pembe zilizo juu, kisha kimshazari kwa upande wa pili, na mwishoni kwa kufuata nyuzi.

Kushika kazi bila jiriwa

Jiriwa ya chuma ni ghali, na kwa kazi nyingi huihitaji. Kwenye mwisho wa kushoto wa uso pigilia kijiti chembamba, chenye kimo cha sentimita 1, kikatishe meza. Mbao unayoipiga randa inaegemea hapo. Kwa watumiaji wa mkono wa kushoto, kiwe kulia.

Kwa kupiga randa ukingo, kata kipande cha mbao chenye pengo kama mdomo wa ndege uliofunguka, ukipigilie kwenye ubao wa ubavu wa mbele, karibu na mwisho wa kushoto, mdomo ukiangalia kulia. Ubao unaingia mdomoni ukiwa umesimama, kabari moja inaubana. Ili upande wake wa kulia usianguke, toboa matundu ya sentimita 2.5 kwenye ubao wa ubavu, moja kila sentimita 20, katika safu mbili, uchomeke kigingi pale kimo kinapohitajika. Kama huna vilbrekin (keekee ya mkono) ya ukubwa huo, toboa dogo kwanza, kisha pasha kipande cha nondo kwenye jiko la makaa na uchome hadi kipite. Fanya kazi hiyo nje, na ndoo ya maji iwe karibu.

Uso upake mafuta ya kitani kutoka kwa wauza rangi, mara mbili. Usitumie mawese, hayakauki, yatanata na kuchafua kila mbao ya mteja. Kitambaa ulichopakia mafuta ya kitani kitandaze nje kikauke. Kikikunjwa na kutupwa pembeni kinaweza kujipasha moto na kuwaka chenyewe, na karakana zetu ni za mbao.

Miezi mitatu baadaye kaza bulo zote, maana mbao itakuwa imepungua kidogo. Rudia baada ya mvua za mwezi wa kumi na moja, ukiwa na vile vijiti viwili na randa iliyonolewa.